Aliyekataa Kulinyoosha Bawa

Kapteni amefariki. Nimeanza na hilo ili nisiwazungushe, kwa sababu wasomaji wangu wa siku nyingi mnaijua tabia yangu ya kuanza na bei ya mchicha nikamalizia na msiba. Tumemzika Alhamisi iliyopita kule Chamazi alikokuwa amejenga, jua kali, na watu wengi kuliko alivyotarajia mwenyewe, maana alikuwa akisema siku yake ikifika watakuja watoto wake, mchungaji na fundi wa kompyuta, basi. Ilikuja nusu ya Mbagala. Hakuwa rubani, ingawa jina la mtaani lilimpa hadhi hiyo. Alikuwa mpiga picha, mtu mrefu mwenye miwani iliyofungwa uzi, mkali kidogo, mcheshi zaidi. Siku aliyofariki aliamka salama, akanywa uji wake, akasema kifua kinambana, na kabla ya adhuhuri hatukuwa naye. Naandika juu yake kwa sababu alinifundisha jambo moja nikiwa na umri ambao mtu hudhani ameshafundishika vya kutosha.

Niseme kwanza lililotokea msibani, maana nimeulizwa na watu kadhaa na wengine walikuwa wamekasirika. Jeneza lilipofunguliwa uani ili watu waage, mama mkubwa wangu, dada yake mama aliyenilea, Mzaramo wa miaka sabini na kitu, alitoka kwenye mkeka wa kina mama, akaenda mpaka kichwani pa marehemu, akajishika kiuno, akasema kwa sauti iliyofika barabarani: "Wee Msukuma! Umefumba tena macho? Hukomi? Fumbua bwana, safari hii uone njia!" Nusu ya watu wakaangua kicheko, nusu wakaduwaa. Bwana mmoja aliyevaa suti akauliza nani kamruhusu huyu mama. Hakuna aliyemruhusu, ndugu yangu. Mzaramo na Msukuma ni watani, na mtani haombi ruhusa msibani. Kazi yake ni kumchokoza maiti ili walio hai wapate pa kupumulia. Alipomaliza kumsuta, mama mkubwa aliketi palepale kwenye vumbi akalia mpaka kanga ikalowa. Kwa nini alitaja habari ya macho, nitaeleza, ila itabidi mnivumilie tupite kwanza studio.

Studio ya Kapteni ilikuwa Mbagala, chumba kimoja kati ya saluni ya kike na fundi cherehani, na kwa miaka mingi umaarufu wake ulitokana na pazia moja. Alilichora mwenyewe kwa rangi ya mafuta: ngazi za ndege, mlango uko wazi, na nyuma yake anga la buluu ambalo Dar es Salaam hatujawahi kupewa. Mteja alisimama mbele ya pazia, mkono mmoja kama ameshika reli, mkono wa pili ameshika mkoba wa ngozi uliokuwa mali ya studio. Ingieni sebule yoyote ya zamani kuanzia Mbagala mpaka Tandika, mtamkuta mjomba wa mtu yuko kwenye zile ngazi, shingo kainyoosha, anaondoka kwenda asikokujua. Hata mie ninayo. Shati nililovaa ni la kuazima na mkoba ni uleule.

Siku moja pazia likatoweka. Nilipomuuliza aliniambia limechoka, nami nikaamini; ilipita miaka ndipo akanieleza. Kijana fulani alipiga picha kwenye zile ngazi, akaipeleka kwa wakwe watarajiwa iwe ushahidi kwamba anafanya kazi Ulaya na amekuja likizo tu. Wakwe wakaridhika, uchumba ukakubaliwa. Njia ya mwongo ni fupi, na ya huyu iliishia Mbagala, kwa sababu binti mwenyewe alikuja studio kupiga picha ya pasipoti ili amfuate mchumba wake, akaliona pazia ukutani. Kapteni alisema binti hakupiga kelele. Alilisogelea, akaigusa reli ya rangi kwa kidole, akauliza, "Baba, hizi ngazi zinafikaga wapi?" Jioni ile Kapteni alilishusha pazia, akalikunja, na toka hapo akajiwekea sheria ambayo wateja waliotaka kupunguziwa umri waliichukia kabisa: picha nitaisafisha, ila siidanganyi.

Kisha zikaja simu na kila mtu akawa mpiga picha. Studio za jirani zikageuka vibanda vya chipsi. Yeye akanunua kompyuta iliyotumika, awe anasafisha picha za zamani za watu, zile zilizoliwa na unyevu na mende, na ndani ya kompyuta akakuta programu aliyoisahau mwenye nayo wa kwanza. Ilikuwa ya kuigiza urushaji wa ndege. Humo dunia nzima imo, Dar es Salaam imo, bahari imo, unaweza kukaa kiti cha rubani au ukahamia kiti cha abiria dirishani ukatazama nje. Basi mtu wa miaka hamsini na kitu akaanza kwenda Zanzibar na kurudi kabla ya kufungua mlango wa kazi, na wasusi wa saluni ya jirani wakambandika ukapteni. Kurusha kwenyewe hakukuweza, nisiwadanganye. Nimemwona kwa macho yangu akiitosa ndege nzima Kigamboni huku anamsingizia upepo. Alichokipenda ni kupiga picha mle ndani, na hapo alikuwa bingwa.

Ungemwona akiifanya kazi hiyo ungedhani anapika. Anaisimamisha ndege hewani, maana programu inakubali, halafu anakunja mikono na kutulia. Ukimuuliza tunasubiri nini, anakujibu ardhi haijaiva. Na kweli, ukitazama chini unakuta mapaa yamelainika kama sabuni iliyoachwa kwenye maji, barabara imekatika, miti ni madoa ya kijani. Kompyuta inaivuta ile dunia kidogo kidogo kupitia bando, na mwenye haraka hupiga picha ya uji. Yeye hungoja mpaka kila paa lipate kona zake. Kisha anaficha maandishi na mishale yote inayojaa kwenye kioo. Anachagua saa, mara nyingi saa moja na nusu asubuhi, jua likiwa la upande, kwa sababu jua la utosini hufuta vivuli na nyumba zinalala bapa kama karata. Picha anaipiga kubwa mara mbili ya anayoitaka, ndipo anaipunguza, na kingo za bawa zilizokuwa na meno-meno ya msumeno zinalainika. Mwishoni kabisa anainoa, kidogo tu. "Kisu ukikinoa sana kinakwisha," alikuwa akisema, na rangi alikuwa haongezi hata ungemsihi kwa magoti.

Mie nilikuwa nikimcheka. Nilikuwa napita pale kila nikija Mbagala kumwona mama mkubwa, natoka Madale mwisho wa dunia, nachoka, nakaa kwenye benchi lake, tunakunywa chai ya rangi, namwambia, "Kapteni, mtu mzima unasubiri nyumba za kompyuta ziive, za kwako Chamazi umeshazipiga plasta?" Naye hakasiriki. Ananiuliza tu ile makala yangu ya wiki iliyopita niliisoma mara ngapi kabla sijaipeleka. Nainamia chai yangu, maana tulikuwa tunajuana.

Sasa mama mkubwa. Wanawe walimwandikisha kwenda Hija. Tangu msichana alikuwa akiitamani Makka kwa namna ambayo sie tulioinukia nyumbani kwake tuliizoea kama sauti ya redio: akipepeta mchele anaitaja, akiumwa anaitaja. Mumewe alikufa akiwa na nia hiyohiyo. Pasipoti ikatoka, chanjo akachoma, nguo nyeupe zikashonwa, na zilipobaki wiki tano akatuita wote, akakaa kwenye kitanda cha kamba, akatangaza haendi. Tukadhani anaumwa. Akasema haumwi. Tukadhani kuna aliyemuudhi. Hakuna. Ikabidi wakwe na wajukuu watoke nje ndipo akaniambia mie, peke yangu, huku anatazama mkeka: "Mwanangu, naogopa ndege. Na ninaona haya, mtu mzima, Mungu ananiita nyumbani kwake, mie naogopa njia." Akafuta macho kwa ncha ya kanga. Nilimwonea huruma, kwa sababu huyu ni mwanamke aliyenivusha mafuriko mgongoni, sikujua kama kuna kitu anachokiogopa.

Nikaenda kwa Kapteni mbio. Nikamwomba anitengenezee picha mbili tatu za kutoka dirishani, mama aone kwamba huko juu hakuna simba. Akakubali palepale, akawasha mashine, akaiinua ndege, akaisimamisha juu ya mji, akaniambia nisubiri. Simu ya mteja ikamtoa nje. Nami, mnanijua, haraka yangu ndiyo maradhi yangu. Nikatoa simu mfukoni, nikakipiga picha kile kioo cha kompyuta vilevile, taa ya dari ikimulika katikati, nikairusha kwenye grupu la ukoo nikiandika kwa mbwembwe: mama mkubwa mwonyesheni, hivi ndivyo kulivyo huko juu. Kwenye grupu mmoja akaihamishia grupu la mahujaji watarajiwa, mwingine akairudisha, na binamu yangu, mtoto wa mwisho wa mama mkubwa, akaipokea ikiwa imeshapita mikono minne, akaipeleka duka la steshenari, akaichapisha kubwa kwenye karatasi nyepesi ya kuchapia barua. Alifikiri ukubwa ndio ubora. Wengi wetu tunafikiri hivyo.

Mama mkubwa akapewa ile karatasi na miwani yake. Nilihadithiwa kwamba aliitazama muda mrefu. Ardhi ilikuwa haijaiva, kwa hiyo mji mzima ulikuwa umeyeyuka, nyumba zimetiririka moja ndani ya nyingine. Bahari imejaa mistari ya kioo kama imepigwa bakora. Na lile doa la taa ya dari liliwaka katikati ya anga kama moto. "Hii ndege inapita Jahanamu?" aliuliza. Wakajaribu kumweleza. "Msinieleze, ninaona. Dunia inayeyuka hiyo, na huku kunaungua." Akanyanyuka, akaitia pasipoti kwenye sanduku lake la bati, akalifunga, ufunguo akaupiga fundo kwenye pembe ya kanga. Binamu akanipigia analia. Zimebaki wiki nne, na mama aliyekuwa anaogopa kitu asichokijua, sasa anaogopa kitu alichokiona. Kazi yangu hiyo.

Nilipomweleza Kapteni, aliivua miwani. Nilimzoea akitania, siku hiyo hakutania. "Umepeleka uji kwa mgonjwa," alisema. "Tena uji uliooza. Mie nikikwambia subiri, unadhani nacheza? Yule mama ananiamini mie au anakuamini wewe? Hamwamini mtu sasa." Nikasema samahani. Akasema samahani yangu haina kona. Kisha akanifukuza, kwa adabu lakini akanifukuza, na kwa siku kumi na kitu studio ilikuwa na karatasi mlangoni: pasipoti tu, mengine baadaye. Nilikuwa nachungulia. Alikuwa ameufungua ubavu wa kompyuta ili isichemke, feni ya mezani inaipuliza, na yeye yuko kwenye kiti cha abiria cha dirishani, safu ya nyuma ya bawa, kwa sababu alikwenda kuuliza kwa binamu namba ya kiti cha mama. Alikuwa anaitengeneza safari yenyewe, hatua kwa hatua, kutoka pale atakapoketi mama.

Aliponiita tena, picha zilikuwa sita, zimechapishwa kwenye karatasi nzito ya picha, zimekaa mezani kwa mpangilio. Bawa likiwa chini limetulia, saruji ya uwanja inaonekana hadi nyufa zake. Bawa likikimbia, nyasi zimekuwa mstari. Ardhi inaachwa. Halafu ya nne: ndege inageuka baharini, bawa limelala kabisa, upeo wa bahari umekwenda mshazari, kana kwamba maji yatamwagika. Ya tano ilikuwa weupe mtupu. Ya sita, juu ya mawingu, jua na utulivu. Zilikuwa safi mno, ungehesabu misumari ya lile bawa. Nikasifu, kisha nikaharibu. Nilimwambia ile ya tano aitupe, haina kitu, na ile ya nne ainyooshe, maana najua kompyuta inaweza kuizungusha picha mpaka bahari ikae sawa. "Ikinyooka itapendeza," nilisema. "Hivi ilivyo itamtisha bibi wa watu."

Akanitazama kama mwalimu anavyomtazama mtoto mzito. "Itapendeza hapa," alisema. "Halafu atapanda, ndege itageuka, bawa litalala, naye atasema hili halikuwemo kwenye picha, basi tunaanguka. Mie nitakuwa nimemdanganya, na atakuwa peke yake. Hii nyeupe nayo, nimeihangaikia kuliko zote. Ilikuwa kijivu chafu, nimeisafisha mpaka weupe wake uonekane una mikunjo. Angani dirisha litakuwa hivi. Acha aogope hapa kwanza, kakaa kwenye mkeka wake, chai mkononi." Niliona tu kwamba mie nilitaka mama mkubwa akubali kwenda, na huyu mtu baki alikuwa anamfikiria akiwa tayari yuko juu.

Akasema atazipeleka mwenyewe. Akavaa shati la mikono mirefu, tukaenda. Mama mkubwa alimpokea kwa heshima, akampa kiti, akaitikia shikamoo ya utani ambayo mzee mwenzake alimpa, lakini bahasha aliitazama kwa jicho la pembeni. Akamuuliza kwao wapi. Kapteni akasema Magu. "Msukuma!" Mama mkubwa akapiga makofi. "Lo, mwanangu, umekosa mtu wa kumleta? Huyu anajua ng'ombe, ndege kaijulia wapi?" "Ng'ombe nilimwacha kwa watani zangu Wazaramo," Kapteni akajibu, "nikarudi nikakuta wamempigia ngoma wiki nzima, wamesahau kumpa majani." Nyumba ikacheka. Toka siku ya ile karatasi, nyumba hiyo ilikuwa haijacheka.

Akazitoa picha moja moja, akimkabidhi mkononi, haendi ya pili mpaka aone ameridhika na ya kwanza. Mama mkubwa akauliza paa lake liko wapi. Hapo mie nilibana pumzi, kwa sababu najua mafundi wengine wangeshalibandika paa la kijani la mama pale, akafurahi, ikaisha. "Halimo," Kapteni alisema. "Mbagala unaiacha nyuma. Na hata ukiitafuta, hii kompyuta haikujui wewe, imepanga mabati ya kukisia." Mama mkubwa akamtazama. Ikaja ya nne. Akashtuka, akairudisha mezani, akaichukua tena. "Mbona limelala?" "Linageuka, bibie. Likitaka kwenda kulia au kushoto lazima lilale, kama mtu anayekata kona na baiskeli. Litalala kwa muda wa kusoma Fatiha kama mara tatu hivi, halafu litainuka." "Na linatikisika?" "Linatikisika." "Sana?" "Mara nyingine sana." Binamu akamkonyeza Kapteni anyamaze. Hakunyamaza. Ikaja ile nyeupe, akamweleza ni wingu, na kwamba humo ndani hata rubani haoni nje na hana wasiwasi.

Mama mkubwa akaweka picha magotini. "Na wewe Msukuma ulipopanda hukuogopa?" Kapteni akainamisha kichwa, akacheka kidogo. "Nimepanda mara moja tu maishani mwangu, Dar hadi Mwanza, kwenda kumzika baba. Nilikaa dirishani, nikafumba macho tangu ilipowaka mpaka ilipozima. Sikuona kitu. Wenzangu wanasema ziwa lilikuwa kama sahani ya shaba. Nilipita juu ya nyumbani kwetu sikupatazama, naumia mpaka leo." Mama mkubwa akaanza kucheka, cheko la kutoka tumboni, anapiga goti lake na bega la mgeni. "Mwanamume mzima! Yaani wewe ni mwoga kuliko mie!" "Kuliko wewe mbali," Kapteni akasema. Akicheka hivyohivyo mama mkubwa akalivuta fundo la kanga kwa meno, akatoa ufunguo, akamrushia binamu. Kwa siku zote zilizobaki alizitandika zile picha kwenye mkeka kila baada ya alasiri, akizipitia kwa kidole kutoka ya kwanza hadi ya sita, kama mtoto anayejifunza herufi.

Akaenda. Kilichotokea ndani ya ndege tulisimuliwa na mama mmoja wa Tabora aliyekaa naye kiti cha pili, alipokuja kumsalimia baada ya Hija. Anasema ndege ilipoanza kugeuka juu ya bahari yeye alishika mikono ya kiti akaanza kutoa shahada kwa sauti. Mama mkubwa wangu, aliyefungia pasipoti sandukuni, akamshika mkono, akamwambia: "Tulia dada. Hapa linalala kidogo, litainuka. Likiinuka tunaingia kwenye weupe, usije ukasema tumekufa, ni wingu tu. Baada ya weupe kuna jua." Na vikaja kwa mfuatano huohuo, anasema, mpaka akamuuliza hii ni Hija yako ya ngapi. Mama mkubwa anatuambia mwenyewe alikuwa anaogopa vilevile, lakini macho yalikuwa wazi, hakuyafumba hata mara moja, kwa sababu alikuwa anataka kuja kumtambia mtani wake.

Na alikuja kumtambia, miaka yote iliyofuata, kila wakikutana, mpaka Alhamisi kule Chamazi. Nimefurahi kwamba niliyaona haya. Nimehuzunika, ndiyo, benchi lile nitalikosa, lakini nikimfikiria Kapteni najikuta natabasamu kwenye foleni peke yangu watu wananishangaa. Tuna picha nyingi siku hizi kuliko tulizowahi kuwa nazo, na karibu zote zimekolezwa rangi, zimelainishwa ngozi, zimenyooshwa. Tunawanyooshea na wagonjwa wetu habari zao, tunawanyooshea mabinti ndoa siku ya kuwafunda, tunawanyooshea vijana maisha ya kazi, tukidhani tunawatoa hofu. Kumbe tunajitoa hofu sie, halafu wao wanapanda wenyewe, na jambo likilala upande wanadhani limeanguka.

Nilifikiri kuisafisha picha ni kuifanya ipendeze. Yeye alikuwa anaisafisha ili mtu asipotee atakapofika. Kama una mtu wako anayekwenda mahali pagumu, mwonyeshe pale mahali palivyo, ngoja mpaka paive, toa ukungu wote unaoweza kuutoa, na kile kinachotisha kiache mahali pake, kisha kaa naye mpaka akizoee. Mama mkubwa wangu aliitazama Al-Kaaba kwa macho yake mawili kwa sababu mtu mmoja wa Mbagala alikataa kulinyoosha bawa.